Kamera ya Kuona Ng'ambo ya Minyaa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya Baiolojia, Kidato cha Pili. Nimechana kurasa tatu za mwanzo, zilizobaki nazifanya zangu. Naandika ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba niliota.

Mimi ni Jenifa, mwalimu, umri miaka thelathini na mbili, na sitoki. Siumwi. Tarehe tisa mwezi uliopita nilijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati, wa kwanza, akaishi dakika arobaini. Tangu niruhusiwe hospitali niko hapa Maisaka kwa mama mkwe wangu, Mama Katarina, na sijavuka uzio wa minyaa.

Hali hii wazee wetu wa Mbulu wanaiita metimani. Mwanamke aliyefiwa na kichanga hukaa peke yake mpaka muda upite, asije akawapelekea wengine mkosi. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji na wenzake, hapikii watu, na kitu hakitoki mkononi mwake kwenda mkononi mwa mtu mwingine. Padri anasema mambo hayo yaliisha zamani. Mama anamwitikia, "Ndiyo, Padri," halafu akirudi nyumbani ananiwekea chai juu ya kigoda, anarudi nyuma hatua mbili, ndipo nami naichukua. Kikombe changu ni cha bluu. Hakuna mwingine anayekinywea.

Nilimuuliza mpaka lini. Kasema mpaka mahindi mapya. Mahindi yenyewe yako magotini.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kutoka mlangoni hadi kwenye minyaa ni hatua hamsini na mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hamsini na moja, nikitanua miguu.

Jumamosi, 8 Machi

Nyuma ya zizi minyaa imekufa kipande, pamebaki pengo la upana wa mlango. Pale unaona shamba la mbaazi linashuka, halafu matete, halafu kona ya ziwa. Saa kumi na moja jioni niliona mawe sita majini. Jiwe moja likapiga miayo.

Viboko. Nimefundisha mamalia miaka saba na sijawahi kumtazama kiboko zaidi ya dakika mbili. Leo nimewatazama mpaka Mama akaniita. Nilipiga picha za video kwa simu. Nikivuta karibu, kinachoonekana ni uji wa kijivu wenye vitone.

Dume kubwa nimempa jina Mkuu wa Shule, kwa sababu anapiga miayo wenzake wakiwa wanaongea. Kuna jike lenye mtoto. Mtoto anapanda mgongoni kwa mama yake kama anapanda kitanda.

Jumanne, 11 Machi

Watu hawajui waniite nani. Tumbo lilipokuwa kubwa nilikuwa Mama Kijacho, mtaa mzima. Sasa jirani yetu Mama Kindness, ambaye tulikuwa na mimba pamoja, tukilinganisha miguu ilivyovimba, akinisalimia kutoka upande wake wa minyaa anasema "Habari za hapo" na kunyamaza mahali jina lilipotakiwa kukaa. Yeye alijifungua salama wiki moja baada yangu, na wa kwake namsikia akilia. Kilichonipata mimi kinaitwa "lile jambo."

Jike la kiboko nimeliita Mama Nani.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja Wilbroad, mdogo wake mume wangu. Ana studio karibu na stendi, anapiga harusi, kipaimara na mahafali. Haamini miiko, anakitazama kigoda na kucheka. Hata hivyo ananisalimia kutoka mbali, nimemwona.

Nilimwonyesha uji wangu wa kijivu kwenye simu.

"Shemeji, hii hata mchawi hawezi kuona kitu," kasema. "Wewe unahitaji kamera ya video ya ukweli."

"Nitaipata wapi, nami sitoki?"

"Chagua wewe, mimi naenda Arusha kuichukua. Tuchange. Wikiendi naipeleka kwenye sherehe, siku nyingine kaa nayo na mifugo yako."

Kamera yake ya zamani imeanza kuzima yenyewe katikati ya ndoa za watu. Nilijua anajitafutia. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumapili, 16 Machi

Zabron, mume wangu, amepiga simu kutoka Kiteto, yuko kwenye kazi ya barabara. Nilimwambia nanunua kamera ya kupiga viboko. Akasema, "Mvumilie Mama, ni mtu mzima." Sijui hilo lilikuwa jibu la swali gani.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzima nasoma habari za kamera kwenye simu, nimeketi juu ya ndoo kwenye kona pekee yenye mtandao. Bando la wiki limeisha kwa siku tatu. Nimekuwa mtaalamu wa vitu ambavyo sijawahi kuvishika.

Niandike nisisahau. Kwanza kuna kuvuta kwa lenzi yenyewe, na kuna kuvuta kwa uongo, ambako kamera inachukua vitone vilevile na kuvitanua kama chapati. Kwenye boksi huandika namba kubwa ya uongo na kuificha ile ya kweli. Pili, ukivuta mbali sana, hata pumzi yako inatikisa picha, kwa hiyo lazima iwe na kitu cha kutuliza mtikisiko ndani, na stendi nje. Tatu, betri. Nne, isiingie maji, maana sisi hapa tunaishi ndani ya sponji.

Shida kubwa ni hii. Kamera inayoona mbali sana ina kioo kidogo cha ndani cha kupokea mwanga, kwa hiyo jioni inaona giza. Kamera inayoona jioni vizuri haioni mbali; inataka lenzi nyingine refu kama mchi, ambayo bei yake ni kiwanja. Viboko wanachangamka jioni. Na kutoka kwenye pengo langu hadi majini ni kama mita mia nne.

Waandishi wote wa mitandaoni wana jibu moja rahisi: sogea karibu zaidi.

Nilicheka peke yangu juu ya ndoo.

Jumanne, 25 Machi

Tumegombana na Wilbroad kwa simu. Yeye anataka ile ya mwanga: "Ukumbini ni giza, shemeji. Bibi harusi hakai mita mia nne." Mimi nataka inayoona mbali. Nilimwambia ukumbini anaweza kuwasha taa, mimi siwezi kuliwashia ziwa taa. Nilimwambia pia kwamba yeye ana miguu.

Akasema sawa. Siku hizi nikitaka kushinda nataja uzio, na watu wanaona aibu. Sijipendi ninapofanya hivyo, ila nafanya.

Alhamisi, 27 Machi

Tumebaki na mbili zinazoona mbali sawasawa. Moja ina maiki nzuri mbele, inanasa sauti kutoka mbali na ina kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Ya pili ina maiki ya kawaida juu, na aliyeiandikia habari analalamika kwamba inamnasa mpigaji kuliko anachokipiga: pumzi zake, kikohozi, hata kumeza mate. Lakini betri yake inakaa saa tatu.

Nilimuuliza fundi wangu.

"Sauti ya kazi gani?" kasema Wilbroad. "Miaka tisa nafanya kazi hii, sijawahi kusikiliza sauti. Kila kitu naweka muziki juu."

Nimechagua betri.

Jumatano, 9 Aprili

Imefika.

Wilbroad aliitoa kwenye boksi mbele ya Mama, akaiweka kwenye kigoda, akarudi nyuma hatua mbili kwa kuigiza, kama askari wa gwaride. Mama hakucheka. Alisubiri nikaishika, ndipo akasema, "Sasa ni ya kwake. Isitoke hapa mpaka muda uishe."

"Sawa, Mama," kasema Wilbroad, huku akinikonyeza.

Ni ndogo, ina uzito wa kifuko cha sukari ya nusu kilo. Stendi aliyoleta inayumba kwenye tope, kwa hiyo nimeazima gunia dogo la mbaazi za mwaka jana, nikaliweka juu ya dramu la maji, nikabonyeza kamera katikati yake. Imetulia kabisa. Nikavuta, nikavuta, nikavuta. Matete yakanipita. Maji yakanipita. Nikafika kwenye sikio la Mama Nani. Likachezacheza, likamwaga maji.

Miezi miwili sijafika mahali popote. Leo nimefika pale.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Lenzi imepata ukungu. Nimeiweka kwenye mchele.

Jumatatu, 14 Aprili

Dakika kumi na nane nzuri. Yangeyange wawili juu ya mgongo wa Mkuu wa Shule. Mtoto ananyonya chini ya maji, anaibuka kuvuta hewa, anarudi.

Mama amenikuta nikitazama kwenye kile kioo kidogo cha pembeni. Akasimama mbali, akasema, "Unaongea na nani hapo kila jioni?"

Nilikuwa sijui kwamba naongea.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Wote wamekwenda kanisani. Kengele naisikia. Mama Kindness alipita na kanga mpya, mtoto mgongoni, akapunga mkono bila kusimama.

Nilimpa Mama Nani heri ya Pasaka. Akazama.

Jumatatu, 28 Aprili

Sina hakika kama nitaweza kuandika vizuri, nina hasira.

Likizo yangu ya uzazi inaisha Jumamosi hii. Tarehe tano Mei nilitakiwa niwe darasani. Siku hiyo nimeitunza kichwani kama mwanafunzi anayetunza nauli ya kurudi nyumbani. Kila nilipowekewa chai kwenye kigoda nilisema, tarehe tano. Mwiko ni mwiko, lakini hata Mama asingeweza kubishana na Serikali. Nilikuwa nimeshapasi sketi.

Leo mkuu wa shule, huyu wa miguu miwili, amepiga simu kunipa pole na kuniambia nisiwe na wasiwasi, ombi la ruhusa bila malipo limekubaliwa hadi mwisho wa Juni.

"Ombi gani?" nikauliza.

"Lile alilotuma mume wako. Si mlikubaliana?"

Nilisema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nafikiri niliona aibu kwa ajili yake.

Nilimpigia Zabron. Alisema Mama alimwomba. Alisema mtaa mzima ni watu wa kwetu, nikitoka kabla ya mahindi watasema, na mtoto yeyote akikohoa litakuwa langu. Alisema ni miezi miwili tu.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Kwa hiyo ndiyo sababu hakuuliza. Ameyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Nilikwenda kwa Mama jikoni, nikasimama mlangoni kwa sababu siruhusiwi kuingia. Nilimwuliza kama alijua. Akasema, "Najua." Akaendelea kuchambua maharage. Nilitaka kumwaga yale maharage. Nilimwona mzee mwenye roho ngumu, anayefurahia kuwa na mtu wa kumfungia. Ndivyo nilivyomwona leo, na naandika hivyo.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Mahindi yametoa mbelewele. Nayachukia.

Jumatatu, 5 Mei

Saa moja na nusu asubuhi niliwasikia wanafunzi wakipita barabarani. Nilikuwa nimevaa sketi.

Jioni nilikaa kwenye pengo mpaka betri ikaanza kulia. Saa tatu, kweli haisemi uongo. Nilimsemesha Mama Nani. Nilisema mengi.

Alhamisi, 8 Mei

Wilbroad amekuja na mfuko wa mbolea mtupu na uso wa mtu mwenye shida. Jumapili mtoto wa Mama Kindness anabatizwa. Kamera yake ya zamani imekufa kabisa. Anataka kuichukua yetu ndani ya mfuko, Mama asione.

"Wenyewe wanajua ni kamera iliyokuwa kwangu?" nikauliza.

"Nani atawaambia?"

Tulijua wote wawili wasingekubali. Kuipeleka kamera niliyoishika mimi kwenye uso wa kichanga, na kichanga chenyewe ni kile. Ningesema hapana, ingebaki hapa. Lakini niliwaza kwamba angalau kitu kimoja kilichopita mkononi mwangu kitaingia kanisani, kitakaa karibu na watu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kuwa mwema. Nikamwambia achukue.

"Tena huyu mama msumbufu," kasema akiikunjia ndani ya mfuko. "Hataki muziki. Anataka asikie Padri akitaja jina."

Jumapili, 11 Mei

Sina kamera. Nimehesabu hatua. Hamsini na mbili.

Jumanne, 13 Mei

Amenirudishia. Ubatizo bado umo kwenye memori kadi, nyuma ya viboko wangu. Niliutazama mara nne.

Wilbroad anakata vichwa vya watu na anavuta karibu bila sababu. Lakini kuna sehemu Padri anamwaga maji, mtoto anakunja uso, halafu anatulia na kutazama moja kwa moja kwenye lenzi. Jina lake ni Anselimu. Ana miezi mitatu kasoro siku chache. Nililia mpaka nikaenda kujificha nyuma ya zizi, ng'ombe wakanishangaa.

Jumapili, 18 Mei

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Baada ya misa Mama Kindness aliwaita watu kutazama ubatizo kwenye runinga yao kubwa. Mama alikwenda. Nilikuwa naanua nguo upande wa kwao, mvua ikiwa imekata. Nyumba zetu zimeachana kwa minyaa na njia ya ng'ombe tu, na madirisha yao yalikuwa wazi. Wana spika kubwa ya disko, baba mwenye nyumba hukodisha.

Nikasikia mwanamke anakohoa. Halafu maji. Halafu mwanamke akasema, "Jamani wewe, geuka basi nikuone."

Ilikuwa sauti yangu.

Wilbroad alikuwa ameihamisha kadi nzima kwenye flashi kama ilivyo, viboko kwanza, ubatizo nyuma. Zamu hii hapakuwa na muziki wa kuweka juu. Kwa desturi yake hakusikiliza hata dakika moja. Na ile maiki, ambayo mimi mwenyewe niliisoma na kuidharau, ilikuwa imenasa kila kitu nilichosema nyuma ya kamera tarehe tano Mei.

Niliganda na shuka mkononi. Ndani watu walicheka mwanzoni, nilisikia mtu akisema, "Hao viboko wetu hao." Kisha wakaacha kucheka. Sauti yangu ikaendelea kwenye spika ya disko, kubwa, mtaa mzima ukisikia:

"Wewe wako yupo, unajivuna. Na mimi nilikuwa naye. Aliitwa Teodori, jina la baba yangu. Nilimwita hivyo masikioni, nesi alikuwa ametoka. Nywele zilikuwa nyingi. Alilia mara moja tu, halafu akanishika kidole hiki, kikaonekana kikubwa. Hapa wanasema lile jambo. Siyo jambo. Ni Teodori. Mimi ni Mama Teodori, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia, nawe hata siyo mtu."

Kisha maji, na kiboko akapiga chafya. Kisha mtu akazima.

Mtoto aliyekufa hatajwi. Namna hii ya kukaa yote imejengwa juu ya hilo. Nami nimemtaja kwenye sebule ya watu, siku ya furaha yao.

Baba Kindness alikuja mpaka mlangoni pa uzio. Hakuingia. Alimwambia Mama, aliyekuwa amerudi mbele yake, "Mama, wewe ni mtu mzima. Kamera iliyokaa kwake imempiga mwanangu usoni. Mlijua?"

"Sikujua," kasema Mama.

"Basi kuna aliyejua." Akanitazama mimi, nikiwa bado na shuka langu. "Sisi tumekukosea nini, Mwalimu?"

Hawajanikosea kitu. Nilimwambia naomba msamaha, akaondoka bila kuupokea wala kuukataa.

Mama alipita karibu yangu kwenda ndani. Nilingoja aseme.

Jumatatu, 19 Mei

Chai kwenye kigoda. Mama hasemi.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Hasemi. Sijaigusa kamera.

Jumatano, 21 Mei

Hasemi. Ugali kwenye kigoda. Nimeongea na ng'ombe.

Alhamisi, 22 Mei

Wilbroad kapiga simu. Ana sauti ya mtu aliyepigwa. Alikwenda kwa Mama Kindness kuomba radhi na kuichukua flashi, afute viboko, abakize ubatizo tu.

"Kakataa kunipa," kasema. "Kasema niiache ilivyo."

"Yote?"

"Yote, shemeji. Mume wake anagomba, yeye kaiweka kifuani."

Kisha akasema, "Nimesikiliza ile sauti. Nimerudia. Sikujua kwamba kulikuwa na jina." Halafu akakata haraka.

Jumamosi, 24 Mei

Jua, la kwanza tangu Jumapili.

Mama alitoka na mkeka, akakaa nyuma ya zizi, kwenye pengo langu. Nilidhani amekuja kuziba. Akasema, "Ile sauti. Pale kwa watu sikuisikia mwisho. Nataka kuisikia."

Nilimletea kamera, nikaitafuta ile sehemu, nikaiweka kwenye kigoda na kurudi nyuma hatua mbili. Akaigeuzageuza kwa macho.

"Inabonyezwa wapi?"

"Hicho cha kijani, Mama."

Akabonyeza. Akainama mpaka uso ukakaribia kile kioo kidogo. Nilitazama kitambaa chake cha kichwa kwa muda wote ambao mimi mle ndani nilikuwa nikisema. Ilipokwisha akabonyeza tena. Mara ya pili alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Nilikuwa na miaka kumi na nane," kasema. "Kule Mbulu. Wa kwangu alikuwa wa kike. Alikaa siku sita."

Sikujua. Zabron hajui. Nilikaa chini pale nilipokuwa, kwenye tope.

Aliniambia mambo yale bila kupandisha sauti. Walimjengea kibanda mwisho wa shamba. Mwaka mzima. Mama yake mzazi alikuwa anamwekea chakula juu ya jiwe na kuondoka, na yeye alijifunza kujua nani ameleta kwa namna alivyofunika chungu. Alipotoka, kila mtu alifurahi, wakachinja, na hakuna aliyemuuliza kitu. Kasema yeye aliona ni wema: wameyafunga, yamekwisha. Aliponichukua mimi hospitali alifikiri ananifanyia wema uleule, tena kwa muda mfupi zaidi, na ndani ya nyumba yenye bati.

"Nilifikiri ukikaa kimya linapoa," kasema. "Kumbe hata langu halijapoa. Nilikuwa sijui, maana sikuwahi kuligusa."

"Ulimpa jina, Mama?"

Kule chini Mkuu wa Shule alinguruma. Kisha Mama akalitaja, mara moja, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Sitaliandika hapa. Siyo langu, na mpaka leo lilikuwa halijawahi kutoka.

Baadaye nilichemsha chai kwenye jiko langu la pembeni, ile yangu ya kunywa peke yangu, kwenye kikombe cha bluu. Mama akanyoosha mkono. Nilidhani anaonyesha kitu, nikageuka kutazama ziwa.

"Chai," kasema.

Nilitaka kuiweka kwenye kigoda. Akakisukuma kigoda kwa mguu, kikaanguka upande. Mkono ulikuwa bado umenyooka. Nikampa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, akakizungushia kikombe vyote kumi, akanywa.

"Sukari umezidisha," kasema.

"Na mahindi mapya, Mama?"

"Mahindi yatakuja yenyewe. Kesho nitampigia Zabron. Jumatatu nenda kazini."

Jumapili, 25 Mei

Nimepasi sketi tena. Nimemchaji yule wa saa tatu, kamera yangu. Nitampeleka darasani, Kidato cha Pili waone sikio linavyomwaga maji. Nitazima sauti. Au sitazima, sijaamua.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi mawingu. Niliaga, nikapita hatua zote hamsini na mbili, nikafika mlangoni pa uzio, nikasimama. Barabarani kulikuwa na wanafunzi, na bodaboda wawili wakingoja abiria. Upande wa pili Mama Kindness alikuwa anafagia uwanja, Anselimu mgongoni, na mume wake anapiga brashi viatu kizingitini. Wote waliniona nimesimama pale na mfuko wa kamera. Nilikaribia kurudi ndani.

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Mama alisimama barazani, akaita kwa sauti ile anayoitumia kuita ng'ombe kutoka bondeni, sauti ya kufika mpaka kwenye matete.

"Mama Teodori! Umesahau mwavuli."

Ufagio ukasimama. Baba Kindness akainua kichwa. Nikarudi hatua zote hamsini na mbili, nikaupokea mkononi mwake.